Mtemi wa Japani na Uzio wa Kisamvu

Wiki moja kabla hajafariki, baba alinishika mkono akaniomba hitma yake iwe na chakula kimoja tu: ugali na kisamvu cha uzio wake. Pilau hataki, mbuzi hataki. Nikakubali, maana mgonjwa hakataliwi, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Lakini nilijua ninajitafutia balaa. Mjini kwetu Tabora, hitma isiyo na pilau husimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Chanzo cha yote ni mtemi wa Japani. Baba alikuwa fundi wa visima wa serikali, leo Puge, kesho Ipole. Nikiwa darasa la tatu alipelekwa Japani miezi mitatu kujifunza pampu. Siku ya kurudi tulimpokea stesheni tukitegemea redio. Akashuka na sanduku lilelile aliloondoka nalo, na hadithi. Mzee mmoja aliyempangisha chumba huko alikuwa amemsimulia maisha ya bwana wa zamani aliyetawala jimbo la milimani. Baba, Mnyamwezi asilia, akampa cheo cha kwetu: mtemi.

Mtemi huyo alirithi jimbo akiwa bado kijana, na jimbo lenyewe limeshaliwa limebaki mifupa. Wakubwa walivaa hariri huku wakulima wakikimbia mashamba. Akaanza na nafsi yake. Akavaa pamba, akala supu moja na mboga moja. Akawahimiza watu wazungushie nyumba zao uzio wa mti unaolika majani, ili njaa ikija wale uzio. Wazee wa baraza wakamjia juu aache mambo hayo, hakuacha. Njaa kubwa ilipokuja kupita katika nchi ile, watu wake walisalimika.

Tulisikiliza tukapenda. Hatukujua kuwa lile lilikuwa tangazo.

Mwezi haukuisha, baba akang'oa minyaa yote iliyozunguka nyumba akapanda kisamvu mpira, ule mti wa jamii ya muhogo unaolika majani. Akashonesha mashati mawili ya marekani, kile kitambaa cha pamba watu wanachokatia sanda. Mezani ikawa mboga moja. Mama alivumilia kama mwaka hivi, kisha siku moja akauliza mke wa mtemi alisemaje kuhusu hiyo mboga moja. Baba akaeleza kwa upole kuwa yule mke alizaliwa na akili ambayo haikukua, ila mtemi hakumdharau hata siku moja. Alikuwa akikaa naye chini wakicheza na wanasesere wa karatasi.

"Kumbe," mama akasema. "Hakuwa na wa kumpinga jikoni."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mboga ilibaki ileile moja.

Aliyefaidi ni mtani wetu, mama wa Kizaramo anayekaa mtaa wa pili. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulianza babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na mpaka leo hauna likizo. Kila akimwona baba na shati lake humuuliza atazikwa saa ngapi, maana sanda ameshavaa. Baba naye humjibu kuwa kaburi la Mzaramo lina kazi, lazima lichimbwe refu ili mdomo nao upate nafasi. Walipendana sana wale.

Basi baba akafariki. Kabla sijafungua kinywa, baba mdogo alikuwa ameshatangaza kwenye kundi la ukoo la simu: mbuzi wawili, gunia la mchele. Nikaandika wasia wa baba. Baadaye shangazi akanipigia, akaniuliza kama nataka watu waseme kaka yake amefukiwa kama kuku. Nikalia.

Asubuhi ya hitma mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye uzio uleule wa kisamvu, na wanautafuna. Baba mdogo ananoa kisu. Nimesimama katikati ya ua, ahadi niliyompa baba inanichoma, na ujasiri sina.

Hapo mtani akaingia. Amevaa shati la marekani la baba, limemfika magotini. Akakalia kiti cha baba, akakohoa vilevile baba alivyokuwa akikohoa, na watu wakaanza kucheka hata hajasema neno. Akamgeukia baba mdogo.

"Mimi ndiye mtemi wa Japani," akasema. "Supu moja, mboga moja. Anayetaka pilau asubiri afe yeye."

Mtani msibani hakasirikiwi, na analolitaka hupewa. Baba mdogo akacheka kwa kujilazimisha, kisha akalia, mara ya kwanza tangu tuzike, na mwenyewe akaenda kuwafungua mbuzi. Tukachuma uzio mpaka ukabaki vijiti.

Nilimpelekea mama sahani chumbani, alikokuwa amekaa eda. Mlangoni ndipo nikakumbuka: yale mashati nilikuwa nimeyatafuta siku mbili. Mahali pekee ambapo sikutafuta ni ndani ya sanduku la mama, na ufunguo wa sanduku haujawahi kutoka kwenye pindo la kanga yake. Nikamuuliza shati lilimfikiaje mtani.

Mama akakata tonge, akatafuna taratibu.

"Baba yako alikuwa na mke wa kumpinga," akasema. "Hakuwa na mke wa kumwangusha."

Kisha akaniuliza kama kisamvu kimebaki, nimwongeze.