Sifa za Anayeshindwa

Ngusa Maganga hakuwahi kumkimbia fisi, wala askari, wala mkwe aliyekuja kudai ng'ombe wa mahari waliobaki. Alikimbia kisu cha daktari tu, na alikikimbia kwa ufundi ambao, angeutia kwenye tumbaku yake, Ushetu nzima ingemwamkia.

Ngiri ilimpata siku aliponyanyua robota la tumbaku peke yake ili kumwonyesha Theonest kwamba Mgalu hasaidiwi. Bagalu na Bagika ni vyama viwili vya ngoma ambavyo huku kwetu vimeshindana tangu enzi za babu zetu. Ngusa alikuwa manju wa Bagalu, mtunzi na mwimbishaji, na Theonest alikuwa Mgika. Tangu siku ya robota, Ngusa akiruka ngomani, mkono mmoja ulishika usinga na mwingine ulishika kinena. Watoto walidhani ni mtindo mpya wakawa wanauiga.

Mara ya kwanza alipopangiwa upasuaji, alikwenda kumzika shangazi yake Chato. Shangazi huyo alikuja kutusalimia wakati wa mavuno, mzima, na mfuko wa sangara mkononi. Mara ya pili alisema dume lake la kukokota jembe linaumwa na halikubali mtu mwingine. Mara ya tatu alifika mpaka kwenye geti la hospitali ya Kahama, akajikwaa mguu wa kushoto, akasema safari imekataa, akarudi.

Mkewe Nyamizi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Tumbaku ilipouzwa, kabla Ngusa hajapata nafasi ya kuzifikiria zile fedha, aliiandikisha kaya yote bima ya afya. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi: ipo siku utumbo utanasa pale chini, utajisokota, na hapo hatutakuwa na muda wa kutafuta gari.

"Baba Salome," alimwambia mumewe, "sikuolewa ili niwe mjane wa utumbo. Alhamisi unapasuliwa. Jumatano tunaondoka."

Jumatano asubuhi wakawa mbele ya genge la Theonest, wakisubiri bodaboda. Theonest ni Mzinza wa Chato. Alichimba dhahabu Geita mpaka siku duara, lile shimo la wachimbaji, lilipotaka kumfunika, akaapa hataingia tena ardhini kabla ya kufa. Akaja kwetu, akaoa kwetu, akajifunza ngoma kwetu. Sasa anauza dagaa na vocha, na ana spika kubwa kama kabati, inayolia toka jogoo la kwanza bila mtu kuiomba.

"Shikamoo mgonjwa," Theonest alimchokoza. "Leo Bagalu wanachinjiwa manju wao."

"Chunga dagaa wako, Mzinza. Nikirudi nitakutungia wimbo ambao wajukuu zako wataukana."

Alitania, lakini midomo ilikuwa mikavu. Nyamizi alikuwa amekalia mfuko wa safari, kanga, bakuli na chupa ya chai ndani yake, kama mtu aliyekalia mlango.

Ghafla spika ikapiga king'ora. Ilikuwa Redio Mwendo Kasi ya mjini, na sauti ilikuwa ya Donatus, kijana wetu kabisa, ambaye kitovu chake kimezikwa nyuma ya bani la baba yake la kukaushia tumbaku.

"Habari iliyotufikia sasa hivi! Mahakama imeifuta sheria ya bima ya afya! Narudia, imefutwa! Kadi yako, msikilizaji, sasa ni karatasi!"

Kesi ile wote tuliijua. Watu fulani huko mjini walikuwa wamepinga sheria mahakamani, wakisema haiwezekani mtu kulazimishwa kuingia bima. Donatus akatuwekea na sauti ya jaji mwenyewe, nzito, isiyo na haraka: "Mahakama inakubaliana na waleta maombi kwamba raia hapaswi kulazimishwa kununua asichokihitaji. Hoja yao ni nzito, na mawakili wao wameieleza kwa ustadi mkubwa…" Hapo muziki ukamkata.

Ngusa akatega sikio, na moyo wake ukacheka na kulia kwa pamoja.

Kwani yeye alikuwa amekaa miaka mingi kwenye baraza la sungusungu, na huku kwetu anayetoa hukumu huanza na yule anayeshindwa. Humpa sifa zake zote kwanza, ili akipoteza ng'ombe asipoteze na heshima. Ukimsikia mzee anasema, "Fulani ni mtu mwema, na baba yake alimkaribisha baba yangu mwaka wa njaa," basi Fulani anaanza kuwaaga ng'ombe wake. Mshindi hasifiwi, ushindi unamtosha. Hayo yalijulikana na kila mtu zamani, watu walipokuwa wanakaa mpaka mwisho wa jambo. Siku hizi nani anakaa? Msibani wanaondoka kabla kaburi halijafukiwa. Kanisani wanatoka kabla ya baraka, ili wawahi pikipiki.

Kwa hiyo Ngusa alijua. Aliyesifiwa na jaji ndiye aliyeshindwa. Sheria ilikuwa hai, na kadi ilikuwa kadi. Akamtazama mkewe. Akautazama mfuko. Akaona kisu, taa nyeupe, na watu waliojifunika nyuso. Kisha akaumeza ukweli ule kama tonge la moto, akaruka juu.

"Mama Salome, umesikia? Serikali imenionea huruma!"

"Si serikali, ni mahakama."

"Yeyote yule, Mungu ambariki! Kisu kimefutwa!"

Genge zima likalipuka. Wako waliofurahi kwa sababu michango iliwauma, na wengine kwa sababu mwenzao amefurahi. Theonest akachomoa kadi yake, akaisokomeza kwenye jiko la mkaa chini ya birika. "Ikachemshe chai!" akasema. Chai ile ilinuka plastiki, lakini aliinywa yote ili asionekane mjinga. Akakanyaga mdundo wa Kigika, Ngusa akamjibu kwa wa Kigalu, vumbi likapanda.

Bodaboda akafika. "Mama, twende au tusiende?"

"Muulize manju," Nyamizi alisema. Akaubeba mfuko wake kichwani, akarudi nyumbani bila kugeuka.

Ngusa alimwona kwa mbali akianika zile kanga upya, moja moja, kana kwamba zimelowa. Furaha ikapungua chumvi. Hata hivyo alicheza, maana mtu aliyeanza uongo hana budi kuupigia ngoma. Mchana ngiri ikashuka akiwa angani. Akaenda nyuma ya bani kuirudisha ndani kwa vidole kama kawaida, na safari hii ikagoma. Alilala chali kwenye majani ya tumbaku, jasho likimtoka, akawataja mababu wote anaowajua na wawili asiowajua, mpaka ikarudi. Akatoka akitabasamu. Hakumwambia mtu.

Jua lilipoanza kulala, Redio Mwendo Kasi ikarudi, bila king'ora safari hii. Donatus alisikika kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. "Wapenzi wasikilizaji, kuna ufafanuzi kidogo…" Ufafanuzi kidogo! Kumbe waandishi walikuwa wametoka mbio mahakamani jaji akiwa ukurasa wa kwanza, kila mmoja akiogopa mwenzake asimtangulie. Nyuma yao jaji akanywa maji, akafungua ukurasa wa pili, akasema kuchangia bima si kununua bidhaa bali ni kusaidiana, na kwamba sheria inabaki kama ilivyo. Donatus, aliyekuwa Kahama, alichukua ya wenzake kwenye simu na kuyatangaza kama ameyaona kwa macho. Zamani aliyeleta habari aliulizwa kwanza: umeona, au umeambiwa? Swali hilo siku hizi halina mwenyewe.

Lakini Mzee Ndaki, kamanda wa sungusungu, alikuwa bado nalo. Alimpigia Donatus simu. "Mwanangu, mwano umeupiga wewe. Uje kabla giza halijaingia."

Mwano ni lile yowe la hatari ambalo likilia kila mtu huacha jembe na kukimbilia linakotoka. Anayeupiga bila fisi wala mwizi hutozwa mnyama, na anayekataa kuja kujieleza, siku ya msiba wake huchimba kaburi mwenyewe. Donatus alikuja kwa pikipiki, tai ikiwa begani. Tulimkuta tayari amesimama kwenye uwanja wa ghala la tumbaku, akiamkia mpaka watoto.

"Wazee wangu, si mimi peke yangu," alijitetea. "Hata wa Dar es Salaam walitangaza hivyo hivyo."

"Wa Dar hatuwafikii," Mzee Ndaki alimjibu. "Wewe tunakufikia."

Uwanja ukaangua kicheko, na Donatus mwenyewe akacheka, maana alikuwa mtoto wa nyumbani. Akatozwa beberu mnono wa kuliwa na wote aliowadanganya, na akaamriwa autangaze ukweli kwa king'ora kile kile alichoutangazia uongo.

"Na kadi yangu?" Theonest aliuliza.

"Kadi yako umeinywa," mzee alisema.

Watu walikuwa wameshaanza kugawana beberu kwa mdomo, huyu akitaka paja, yule akitaka utumbo, Nyamizi aliposimama. Hakuwahi kusimama kwenye baraza.

"Nina swali moja, kamanda. Aliyesikia mwano akajua ni wa uongo, akanyamaza, yeye mnamfanyaje?"

"Anagawana faini na mpigaji. Yuko wapi?"

"Miaka yote niliyompikia, kila jioni akitoka barazani amenieleza jinsi hukumu inavyoanza na sifa za anayeshindwa. Ameieleza mpaka ugali ukapoa. Leo asubuhi jaji amewasifu wale watu kwa sauti ya spika. Baba Salome, hukusikia?"

Macho yote yakamgeukia Ngusa. Alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Kicheko kikamtoka puani, na mtu aliyecheka hivyo hana utetezi.

"Nilisikia," alisema. "Wallahi nilisikia. Mama Salome, nisamehe. Niliogopa." Kisha sauti ikashuka. "Na leo mchana iligoma kurudi. Nilidhani nakufa huko nyuma ya bani."

Nyamizi akaketi chini ghafla, kiganja mdomoni. Hakuna aliyecheka.

Mzee Ndaki akakohoa, akajinyoosha. "Huyu Ngusa," alianza, "ni mtu mwema sana."

Ngusa akaanza kutoka jasho.

"Baba yake alitupa mbegu mwaka wa ukame."

"Kamanda, inatosha," Ngusa alisihi.

"Sauti yake ikipanda, hata ng'ombe huacha kula. Sijaona manju anayempita, si Kahama, si Geita."

"Msifu! Msifu zaidi!" Theonest alipiga kelele, akijishika mbavu. Kila sifa ilimkunja Ngusa kama kiboko, na kila alivyokunjika, uwanja ulizidi kulia kwa vicheko. Hata Nyamizi alicheka, machozi yakiwa bado shavuni. Mzee hakuacha kitu: alisifu jembe lake, meno yake, hata kimo chake. Alipomaliza akavuta pumzi na kusema: "Hata hivyo, kesho alfajiri anapelekwa Kahama, Theonest mbele yake na mkewe nyuma, ili asipate pa kujikwaa. Na huyu beberu ataliwa yeye akiwa kitandani."

"Jamani, hata supu?"

"Hata harufu."

Alfajiri wakaondoka na pikipiki mbili. Hospitalini kadi ilipokewa bila neno. Ngusa aliombewa na mke, akatukanwa kwa upendo na Theonest, akasukumwa ndani kwenye kitanda chenye magurudumu, macho ameyafumba kama mtu anayevushwa mto uliofurika. Wakamchoma sindano ya mgongo. Miguu ikaaga. Akasubiri kisu, akasikiliza madaktari wakibishana kuhusu mpira, nani alistahili penalti na nani hakustahili, na yeye akataka kuchangia.

"Mtaanza saa ngapi, waheshimiwa?" aliuliza hatimaye.

"Tunashona, mzee," daktari alisema.

"Wabeja!" Ngusa alishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Wabeja sana!" Akairudia mpaka wakamwomba atulie.

Jumamosi mchana simu ya Nyamizi ililia wodini. Akaiweka kwenye sikio la mumewe, kisha akaondoka kufuata uji. Upande wa pili ngoma zilikuwa zimepamba moto, na nyama ilikuwa inachomwa; Ngusa aliisikia ikilia kwenye mkaa. Theonest, aliyekuwa amesharudi, akashika kipaza.

*Mgalu kaona ukweli, kaumeza kama ugali,*
*Kakimbia sindano ndogo, kabebwa kama mzigo!*

Bagika wakaitikia kwa kishindo. Ngusa akahisi kicheko kinapanda kutoka tumboni, na nyuzi zikamuuma kama siafu. Akakibana. Akavuta pumzi polepole, akaimba kwa sauti ya chini, ile ya tumboni ambayo ngiri ilimnyima tangu siku ya robota:

*Mgika kachoma kadi, kachemshia chai,*
*Mimi nimeshonwa tumbo, wewe akili atakushona nani?*

Wodi nzima ikaangua kicheko. Aliyevunjika mguu akapiga ukingo wa kitanda kwa kijiko, na mzee mmoja wa Kisumbwa, aliyekuwa hajasema neno tangu alazwe, akaitikia kiitikio.

Nesi Klara akaja mbio. "Mzee Ngusa! Nyuzi! Hii simu naichukua."

Akaichukua. Ngoma za kijijini zikamfikia sikioni, na makofi, na sauti ya Theonest akitafuta ubeti wa kujibu na kuukosa. Klara akasimama hapo, kiatu chake kikianza kugonga sakafu chenyewe. Kisha akainama, akairudisha simu kwenye sikio la mgonjwa na kuishika yeye mwenyewe, ili Ngusa asije akauinua mkono na kuzivuta nyuzi.