Tonge la Kwanza la Lambert

Ghislaine Colson hakuwa mtu wa kuogopa. Kwa miaka thelathini na mmoja alipika matonge ya nyama katika mkahawa wa kona pale mjini kwetu Seraing, karibu na lango la kiwanda cha chuma, na kwa macho yangu nilimwona akimtoa nje mlevi wa kilo mia kwa kumshika sikio. Wanaume wakitoka kazini walijipanga mbele ya kaunta yake, naye alikuwa na swali moja tu kwa kila mmoja: moja au mawili? Hakuna aliyewahi kusema moja ila mgonjwa.

Kwa hiyo Ijumaa ile asubuhi alipogonga mlango wangu, aproni imefungwa ovyo na midomo inamtetemeka, nilijua kuna jambo.

"Noëlla, jirani yangu, njoo ukae na mimi. Napika."

"Sasa ukipika mimi nije kufanya nini? Kukushikia mwiko?"

"Napika matonge. Ya Lambert."

Nikavaa viatu, nikamfuata.

Lambert ni mumewe. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Januari, kikachukua mkono wa kulia, kikachukua maneno karibu yote, kikaharibu na koo. Maneno yaliyobaki yalikuwa matusi, na hayo yalitoka safi kabisa, hata mtu angedhani ameyafanyia mazoezi. Koo ndilo lililotutia hofu. Wiki ya pili tangu arudi kutoka hospitali alipaliwa na maji, glasi ya maji tu, akageuka rangi mbele ya mkewe. Watu wa gari la wagonjwa walimwahi. Tangu siku hiyo Ghislaine alimlisha rojo: viazi rojo, karoti rojo, samaki rojo, miezi minne. Na kila kijiko alikisindikiza kwa macho mpaka kifike tumboni.

Sasa Lambert alikuwa amefunga mdomo. Siku ya tano hiyo, hataki rojo, akikaribishiwa kijiko anageuza uso ukutani. Daktari alisema akipungua kilo mbili nyingine atatobolewa tumbo awekewe mpira wa kulishia. Lambert alisikia vizuri sana, akamjibu daktari kwa yale maneno yake yaliyobaki.

Ndipo Aurore, yule binti anayekuja kila Jumanne kumfundisha kumeza, akatoa ruhusa ya kujaribu chakula kimoja anachokitamani. Kiwe laini, kipondwe kwa uma, kiwe na mchuzi mzito. Ainamishe kidevu, apewe kidogo kidogo, asisemeshwe. Na kisiwepo kitu chenye ganda. Zile zabibu kavu ambazo Ghislaine hutia kwenye mchuzi wake, hata moja isiwemo. Aurore alikuwa na sababu. Tangu Februari alikuwa akimwomba Lambert auguse ukingo wa mdomo kwa ulimi, tu auguse, na ulimi ulilala palepale kama haumhusu; ganda likikwama, angelitoa kwa nini?

"Asipokula wanamtoboa," Ghislaine aliniambia tukiwa jikoni, mikono yake imezama kwenye nyama. "Akila nikamuua je? Niambie wewe. Nikimuua kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Hutamuua."

"Umejuaje?"

Sikujua. Nilichukua kisu nikaanza kukata vitunguu, maana kwenye vitunguu mtu hulia bila kuulizwa.

Alichanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, akatia kungumanga, na mkate uliolowekwa kwenye maziwa akautia mara mbili ya kawaida ili tonge lisikaze. Alifanya makubwa yaleyale ya mkahawani, ya kujaza kiganja. Nilimwambia afanye madogo, kwani yatapondwa tu. Akaniangalia kama niliyetukana mama yake. Akayakaanga kwenye siagi, akayatoa, akavitia vitunguu, vikaiva mpaka vikapoteza umbo. Kisha siki, sukari ya kahawia, karafuu mbili, na ile shira yetu nyeusi ya matofaa na mapeasi, vijiko vitatu vya kujaa. Siki ilipopanda puani, tulisikia kutoka sebuleni Lambert akipiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima. Pa, pa, pa.

"Anasikia harufu," Ghislaine akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona anatabasamu.

Nadhani ni tabasamu hilo lililomponza. Huku akinitazama mimi, mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kopo la rafuni, ukachota zabibu kavu, ukazitupa sufuriani. Konzi nzima. Mkono ulifanya ulichozoea kwa miaka thelathini na mmoja, haukumuuliza mwenye mkono.

Tukabaki tunaziangalia zinazama.

"Nimefanya nini, Noëlla?"

"Zima moto. Lete chujio."

Tukauchuja mchuzi mara mbili. Tukapekua vitunguu kwa uma, tukazitoa moja moja, zimeanza kuvimba na kuwa nyeusi kama mchuzi wenyewe, huwezi kutofautisha. Nyingine zilimponyoka yeye zikarudi ndani. Alitaka amwage mchuzi wote aanze upya, lakini shira ilikuwa imekwisha.

"Zimetoka zote?" akaniuliza.

"Zote."

Nilisema hivyo kwa sababu miguu iliniuma na nilitaka kukaa. Nasema ukweli wangu. Tukarudisha matonge kwenye mchuzi, tukafunika, maana matonge haya huliwa siku ya pili, yakishalala na siki. Nami nikaenda kwangu kulala na lile neno langu, na sikulala.

Jumamosi saa sita mchana Lambert alikuwa mezani tayari. Alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kidevu kina vipande vitatu vya karatasi vya kuzuia damu. Ghislaine alinikalisha mkabala naye na simu mkononi, namba ya gari la wagonjwa imeshaandikwa, kilichobaki ni kubonyeza.

"Macho yako yasitoke kwake," akaniambia.

Akaweka tonge moja kwenye sahani. Hakuuliza swali lake. Akaliponda kwa uma, akalimwagia mchuzi, akachota nusu kijiko.

"Kidevu chini, mpenzi."

Lambert akainamisha kidevu, akapokea. Akatafuna polepole sana. Kikoromeo kikapanda, kikakaa huko juu muda ambao sitaki kuukumbuka, kikashuka. Alifumba macho. Ghislaine alichota kingine.

Vijiko sita vilipita hivyo. Cha saba, Lambert akaacha kutafuna.

Shavu moja lilikuwa limetuna. Akakohoa mara moja. Uso ukaanza kuwa mwekundu, na mimi nikajua ni nini kilichokuwa mdomoni mwake, nikajua ni nani aliyesema zimetoka zote. Kiti cha Ghislaine kilianguka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na sikuweza kukumbuka jina la mtaa ninaokaa tangu niolewe.

"Lambert. Lambert, nitazame mimi."

Hakumtazama. Alikuwa na kazi. Taya lilikwenda kushoto, likarudi. Kisha pembeni mwa mdomo, upande uleule wa kulia uliokufa, ukatokea ulimi. Ulitoka taratibu, unatetemeka, ukaugusa ukingo wa mdomo na kwenda mbele yake kidogo. Juu yake ilikuwa zabibu moja, imevimba, nzima.

Akaitema kwenye ukingo wa sahani. Akaniangalia mimi, si mkewe, maana ya jikoni yote aliyasikia kutoka sebuleni, akanitukana tusi moja refu ambalo nililipokea lote, kwa haki.

Kisha akafungua mdomo tena, anangoja.

Alimaliza. Mchuzi wa mwisho aliukwangua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaumwaga mezani zaidi ya alioula. Ghislaine alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama, kwa kuwa chake kilikuwa bado chini, analia bila kujificha, ameshika ile zabibu kwenye kiganja. Nikaiweka simu mezani.

Lambert akagonga meza. Tulipomtazama, aliinua mkono wake mzima na kusimamisha vidole viwili.

Ghislaine aliviangalia. Vidole hivyo alivijua. Vilisimamishwa mbele ya kaunta yake kila siku kwa miaka thelathini na mmoja, na wa kwanza kabisa kuvisimamisha alikuwa kijana wa tanuri la kiwandani aitwaye Lambert Colson.

Akaenda jikoni. Nilisikia akifunua sufuria.

"Noëlla," akaita kutoka huko. "Shika simu."