Akaunti ya Binti wa Mshonaji

Jirani yangu mshonaji hufanya kazi huku simu imeegemea kopo la vifungo, na kila akimaliza pindo hukipangusa kioo chake kwa kiganja. Humo mna akaunti ya mtandao wa kijamii ya marehemu binti yake. Tapeli alimpigia akijidai anailinda isidukuliwe, naye akamtajia namba ya siri. Sasa mwizi anasalimia watu kwa picha ya yule mtoto.

Jana nilimwambia, "Mama mwenzangu, tuiripoti ifungwe. Huyo si mwanao." Akacheka kidogo. "Najua. Wangu hakuwa na adabu ya kusalimia hivyo." Kidole chake kikafika penye kuripoti, kikasita. Pembeni ya jina la binti yake kitone cha kijani kiliwaka. Akanishika mkono, akanong'ona, "Ngoja kwanza, dada. Yuko hewani."