Mboga ya mama ilivyoniondoa kwenye paper ya kutikisa dunia

Wakuu, salaam. Humu wa umri wangu nadhani hatufiki kumi, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshaitikia. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, sina cha kuongeza.

Naona mnabishana paper gani za sayansi zilileta mapinduzi. Mimi nilibakiza kidogo tu niwe ndani ya moja.

Miaka michache kabla ya Uhuru, hapa Mwanza, nilikuwa msaidizi wa mzungu mmoja, mtafiti wa samaki. Kila asubuhi nanunua ningu, samaki wa ziwa letu, sokoni Mkuyuni, napasua, naandika: jike, dume, ana mayai, hana. Nilinuka samaki mpaka kanisani.

Mwaka mzima, wenye mayai ni wa kutafuta kwa tochi.

Yule bwana mzungu akawa hashikiki. Akasema ningu hawatagi upande wetu wa ziwa, vitabu vyote vimekosea, na jina langu litaandikwa chini ya lake. Nilimtangazia kila mtu, hadi fundi cherehani.

Sasa jioni moja niko Butimba kwa mama, kaniwekea ugali na ningu. Namega hivi, tumbo limejaa mayai.

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Baba alikuwa mvuvi. Kwetu mvuvi akitia nanga, kabla hajauza anatoa kwanza mboga ya nyumbani, na anachagua wenye mayai kwa sababu watoto wanayapenda. Sokoni wanafika waliobaki. Nimeyala tangu utoto, halafu mimi huyohuyo ndiye nilikuwa napeleka data.

Wiki nzima sikuwa na raha. Kazini nakwepa macho ya bwana. Nikisema, jina linakwenda. Nikinyamaza, uongo unachapwa na jina langu juu yake.

Jumatatu nikajikaza.

"Bwana, wenye mayai tunawala sisi."

Akavua miwani. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, na mimi sikuwaza."

Kesho yake tukaenda ufukweni kabla mitumbwi haijashusha. Mtumbwi wa kwanza tu ulikuwa na mayai kushinda daftari langu lote. Bwana akaanza upya. Uhuru ulimkuta bado anahesabu, akarudi kwao, na paper sikuiona tena.

Nilichojifunza: kabla hujashangilia kwamba umepindua vitabu, uliza samaki wako wametoka wapi na nani kawachagua.

Mama alifariki bila kujua sahani yake ilifanya nini. Jina langu halimo popote.

Ungekuwa wewe, ungesema? Jibuni kwa ukweli, maana mimi nilisema, na bado kuna siku najuta.