Karani wa Barua za Wenye Brenniman

Kabla ya kuunda magari, ukoo wa Brenniman uliunda mikokoteni ya farasi, na watu wa Corvell, Indiana, walikuwa wakisema mkokoteni wa Brenniman hurithiwa pamoja na shamba. Mwaka 1908 wakafunga injini kwenye mkokoteni, na tangu hapo mji mzima ukala kwa jina hilo moja. Ukizaliwa Corvell, baba yako alichomelea milango, mama yako alishona viti, na siku ya kuzikwa ulibebwa na gari lililotoka kiwandani pale pale ng'ambo ya mto. Aliyenunua gari la kampuni nyingine aliliegesha nyuma ya nyumba, majirani wasilione.

Ardith Pohlman aliingia kiwandani mwaka 1938, akiwa na miaka kumi na tisa, kupiga taipureta. Hakuolewa. Kufikia mwaka 1957 alikuwa karani mkuu wa barua za wenye magari, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Barua nyingi zilikuwa za sifa. Mkulima wa Kansas mkewe alijifungulia kiti cha nyuma, mtoto wakamwita Brenna. Mchungaji wa Oregon alikuwa amesafiri maili laki mbili kwa injini ile ile, na kila Pasaka aliandika kuisalimia. Watu walimwandikia Ardith kama wanavyomwandikia shangazi aliyehamia mbali. Alijua nani amefiwa na nani ameozesha binti, na barua hizo alizijibu kwa maneno yake mwenyewe.

Barua za malalamiko hazikujibiwa hivyo. Zilikuwa na majibu matatu yaliyokwisha andikwa na wakubwa: namba moja, namba mbili na namba tatu. Namba tatu ilisema kwamba kila gari la Brenniman hukaguliwa kwa mikono na macho kabla ya kutoka kiwandani, na mwenye wasiwasi amwone wakala aliyemuuzia.

Msimu ule wa majani kupukutika kampuni ilitoa modeli mpya, ikaiita Msafiri. Lilikuwa gari refu, zuri, lenye mabawa ya bati yaliyoinuka nyuma. Mnamo Novemba ikaja barua kutoka kwa Bi Tollefson wa Minnesota, mjane, mkunga aliyezunguka mashambani kuzalisha. Gari analipenda, alisema. Ila asubuhi za baridi, akikata kona kushoto, anasikia mlio mdogo chini ya miguu yake, kama mtu anayealisha vidole, anavivuta mpaka vilie.

Ardith akampelekea namba tatu.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja wa Dakota Kaskazini akaandika: mlio kama kiungo cha kidole. Kisha mwenye duka la viatu huko Vermont: kama mtu anakaa kiti cha nyuma na kualisha vidole, nageuka, hakuna mtu. Watu hawa hawakujuana. Ardith alizitoa barua hizo kwenye kabati, akazifungulia faili la peke yake. Kila bahasha mpya ilipofika alianza kutazama muhuri wa posta kabla ya kuifungua, na zenye jina la jimbo la kaskazini aliziacha mpaka mwisho. Kufikia Krismasi zilikuwa kumi na nne.

Akalibeba faili mpaka kwa meneja wake, Bwana Whitcomb.

"Kumi na nne," alisema Whitcomb bila kulifungua. "Tumeuza Msafiri elfu thelathini, Bi Pohlman."

"Najua, Bwana. Lakini hizi kumi na nne zote zinasema neno moja."

"Baridi ina kelele zake. Hata magoti yangu yanalia. Peleka namba tatu."

"Huyu Bi Tollefson nimeshampelekea."

"Basi anajua jibu letu."

Bi Tollefson aliandika mara ya pili kusema wakala hakuona kasoro. Akaandika mara ya tatu. Sasa gari lilikuwa linamvuta kushoto, na ameanza kuomba kabla ya kuliwasha. Mwisho wa karatasi aliongeza kwa herufi ndogo: *Tafadhali, Bi Pohlman, usinijibu kama kampuni. Niambie wewe. Nina akina mama watatu wa kuzalisha kabla ya Februari.*

Ardith alikaa na barua ile siku mbili. Siku ya tatu Whitcomb alipita mezani, akaiona, akaigonga kwa kidole. Ardith akatia karatasi kwenye taipureta, akapiga namba tatu, akaweka sahihi yake.

Katikati ya Januari ilikuja bahasha kutoka mji ule ule, kwa mwandiko mwingine. Ilitoka kwa binti. Mama yake amefariki tarehe tisa, darajani, akienda kuzalisha. Gari lilipotolewa mtoni, gurudumu la kushoto lilikuwa limegeukia nje peke yake na la kulia limenyooka. *Nimekuta barua yako mfukoni mwa koti lake. Nilitaka tu ujue kwamba aliiamini.*

Ardith hakulia. Alichukua koti lake, akashuka ngazi mpaka chumba cha wahandisi, saa ya chakula cha mchana, akamkuta mhandisi Eugene Lasko peke yake anakula mkate wenye nyama baridi. Lasko aliitazama barua mkononi mwake, akainuka, akafunga mlango.

"Kuna nini mbele ya lile gari?" Ardith akauliza.

Lasko alikunja karatasi ya mkate wake vizuri, mara nne. "Fimbo ya usukani. Ile inayoshika gurudumu la mbele lisiende linakotaka. Juni walibadilisha chuma chake. Kwenye joto hakina neno. Baridi ikizidi, kinakuwa kama biskuti. Kinaanza ufa, ndiyo huo mlio. Halafu siku moja hakilii tena."

"Wakubwa umewaambia?"

"Niliandika Agosti."

"Wakasemaje?"

"Walisema tukiyarudisha yote, hatufiki kiangazi."

Ardith alishika kitasa cha mlango, kisha akageuka. "Wewe mwenyewe unaendesha gari gani, Eugene?"

"La mwaka hamsini na nne," alisema Lasko, na macho yake hayakuinuka.

Jumapili hiyo Ardith alikwenda kula kwa mdogo wake, Lorna, kama kila Jumapili. Nje ya nyumba lilisimama Msafiri la buluu la shemeji yake, Merle Dietz, linang'aa kwenye theluji. Merle alifanya kazi kwenye mstari wa kuunganishia magari. Fimbo zile alizifunga kwa mikono yake, mia moja na zaidi kwa zamu. Ardith alingoja mpaka kuku na tambi vikapakuliwa, akawaeleza yote.

Merle akacheka. "Shemeji, umekaa na mataipureta mpaka umeanza kusikia vyuma."

"Na wewe, shemeji, husikii?"

"Nisikie nini?"

"Asubuhi. Ukikata kushoto."

Merle aliendelea kutafuna. Lorna alikuwa ameinamia sahani yake, na Ardith akaona uma wa mdogo wake umesimama.

"Lorna?"

"Usimuulize huyo," alisema Merle. "Gari lolote linalia."

"Liache nyumbani basi. Mpaka baridi ipite tu."

"Niende kazini kwa miguu? Mimi, fundi wa Brenniman? Kufika getini watu wangapi watakuwa wameniuliza?"

"Waambie ukweli."

Merle aliweka kisu chini. "Nikiwaambia, watu elfu nne wanalala njaa, na mimi mmoja wao. Hilo nalo utalijibu kwa namba ngapi, shemeji?"

Ardith aliacha pai yake mezani, akaaga mapema. Kwa dirisha la basi aliyahesabu magari ya Msafiri yaliyokuwa barabarani, akaacha kuhesabu kabla ya kufika daraja.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata alikaa jikoni kwake na taipureta yake mwenyewe. Kadi za dhamana ya magari zilikuwa ofisini, na anwani alizinakili saa za chai, ishirini ishirini, akianza na miji yenye baridi kuliko yote. Hakuweza kuwaandikia elfu thelathini. Kila alipochagua jina moja alijua ameacha mengine. Barua ilikuwa fupi: *Mimi ni karani, si mhandisi. Chuma kinachoshika gurudumu lako la mbele kinaweza kukatika kwenye baridi kali. Usiliendeshe gari mpaka fundi akuwekee cha modeli ya mwaka uliopita, kinaingia.* Chini akaandika jina lake kamili na mtaa anaokaa. Alizipeleka posta ya mji wa jirani. Kufikia mwisho wa Februari alikuwa ametuma mia mbili na kumi na mbili.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtu mmoja wa Maine aliipeleka barua yake gazetini, na asubuhi moja ya Machi Ardith akaitwa. Barua ilikuwa juu ya meza ya Whitcomb, na nyuma yake walisimama wanaume wawili ambao Ardith hakuwajua.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Unajua umeuua mji huu?"

"Kuna watu wameshakufa, Bwana Whitcomb. Nina majina, jamaa zao wameniandikia."

Aliruhusiwa kuchukua koti na kikombe. Faili lilibaki.

Wiki mbili baadaye, Merle alikuwa anarudisha gari nyuma kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, Lorna kando yake. Waliokuwa mlangoni walisikia mlio mdogo. Gurudumu la kushoto likalala nje kama mguu uliovunjika. Merle alishuka, akalitazama, akavua kofia akaivaa tena. Nusu ya watu waliosimama pale walikuwa na Msafiri lao limeegeshwa uwanja ule ule. Kwa kitambo hakuna aliyeingia garini. Kisha mmoja akaingia, akawasha, na wengine wakamfuata wakiendesha polepole sana, kama wanaosindikiza jeneza. Merle hakulizungumzia jambo lile mpaka anakufa.

Aprili kampuni iliyaita magari yote yarudi, kwa maboresho, walisema. Baadhi tu ya wenye magari waliitikia. Wateja wakahama, mawakala wakashusha mabango, na Desemba 1960 kiwanda kikafungwa. Wapo waliosema ugonjwa wa Brenniman ulikuwa wa zamani, kampuni kubwa za Detroit zingeimeza tu. Lakini mji wenye njaa hutaka jina moja la kulitaja, na jina la Ardith lilikuwa limechapwa gazetini. Hawakumvunjia madirisha. Waliacha kusikia salamu yake. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Merle alimkataza Lorna kuongea na dada yake, na Lorna akatii.

Ardith alipata kazi ya kupiga barua kwa mfanyabiashara wa nafaka. Katika wale mia mbili na kumi na mbili, waliomjibu walikuwa sitini na mmoja. Waliobaki hakujua kama walisikia, au walicheka, au barua ilichelewa. Kila baridi ya kwanza ilipoingia alinunua magazeti ya mbali na kusoma habari za ajali, kidole kikifuata mistari. Magari hayafi na kampuni yake. Yanauzwa, yanarithishwa, yanalala ghalani miaka, na anayeyanunua hajawahi kuandikiwa na mtu.

Januari 1967, mchana, alikuwa anatoka dukani na mfuko wa unga alipoliona. Msafiri la kijani, namba za Wisconsin, mabawa yake hayana hata mkwaruzo. Mwanamume wa kama miaka thelathini alikuwa anapakia vitu, mkewe ameshakaa mbele.

"Bwana, samahani. Fimbo ya usukani ya gari hili imebadilishwa?"

"Sijui, mama. Nimelinunua mwezi uliopita. Lilikuwa la bibi mmoja, limekaa tu."

"Linalia ukikata kushoto?"

Mkewe akageuza kichwa. Mwanamume akatabasamu, kwa adabu. "Kidogo. Nitalitazama tukifika nyumbani."

"Wapi?"

"Green Bay."

Ardith aliona kwamba hatalitazama. Alizunguka, akasimama nyuma ya gari na mfuko wake wa unga. Mwanamume akawasha injini, akangoja, akapiga honi. Watu wakaanza kusimama. Mmoja akasema, "Ni yule Pohlman tena," na mwingine akaguna. Ardith alihamishia mfuko mkono wa pili, hakuondoka.

Mtu akaja akasimama kando yake. Alikuwa Lorna, ana mvi ambazo Ardith hakuwahi kuziona kwa karibu. Merle alikuwa amezikwa tangu Oktoba.

"Msikilize dada yangu," Lorna alimwambia yule mwanamume. "Mimi nilikuwa ndani ya letu fimbo ilipokatika."

Mwanamume akamtazama mkewe, akaliingiza gari kwenye karakana ng'ambo ya barabara. Fundi wa pale, Hollis, alikuwa amefanya kazi Brenniman miaka kumi na sita, na hakuwa amemsalimu Ardith tangu kiwanda kifungwe. Aliliinua gari, akaingia chini yake. Alitoka na fimbo mkononi, akaigonga mara moja kwenye ukingo wa meza. Ikakatika. Aliviweka vipande viwili juu ya kitambaa, akajifuta mikono, akavitazama.

Mke wa yule mwanamume alikaa kwenye sanduku la vifaa.

"Huko ulikolinunua gari hili," Ardith akamuuliza, "kulikuwa na hili peke yake?"

"Yalikuwa mawili. Yule bibi na dada yake walinunua siku moja. Lile jeupe liliondoka wiki moja kabla ya hili."

"Lilichukuliwa na nani?"

"Sikuuliza, mama. Muuzaji anaweza kujua."

"Nipe jina lake na anwani."

Ardith aliweka unga sakafuni, akapapasa mifuko ya koti lake. Lorna akafungua mkoba wake, akaanza kumtafutia kalamu.