Saa ya Mama Pendo

Mimi ni mtu wa kengele. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na miwili, kuanzia Itumba kule milimani mpaka hapa Tunduma, na kengele ya asubuhi haijawahi kulia nikiwa nje ya geti, hata nilipokuwa na malaria. Nayasema haya mapema ili ujue jirani yangu Marita amenitesa kiasi gani.

Marita, mama Pendo, ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwangu, na kwaya nyingi za pande zote mbili za mpaka zinavaa sare zilizopita mikononi mwake. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayecheka kwanza ndipo akwambie anachekea nini. Akikupigia simu unaiweka mbali na sikio. Hana cheo chochote serikalini wala kanisani, ila ni katibu wa kikundi cha akina mama wa mtaa, wenye yale masufuria makubwa, turubai mbili na viti vya plastiki. Pamoja na hayo, mtaani kwetu hakuna harusi wala maziko yanayoanza kabla Marita hajasema yaanze.

Kisa chenyewe ni saa. Asiyeishi mpakani haijui adha hii. Ukivuka tu kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma. Huku ikiwa saa nane mchana, kule bado ni saa saba. Simu zetu nazo zimechanganyikiwa: ukikaa karibu na mpaka simu inavuta mtandao wa kule na kujirudisha nyuma yenyewe, ukisogea mtaa wa pili inarudi huku. Na sisi wa pande hizi mbili ni ndugu. Mtu ana shamba huku na shangazi kule, ameoa kule na wazazi wake wamezikwa huku. Kwa hiyo ukimwambia nduguyo mkutane saa nane, usipotaja saa nane ya wapi, umeharibu.

Marita aliharibu miaka kumi na moja iliyopita, siku ya kumzika mama yake.

Kaka yake wa pekee, Watson, anaishi Nakonde, anauza kapenta, wale dagaa wakavu wa kule. Asubuhi ya maziko Marita alimpigia simu huku analia. "Kaka, tunamzika mama leo saa nane." Hakuongeza neno. Mtu mwenye kilio atakumbuka wapi mambo ya saa? Mchana wingu likatanda, mchungaji akawa na haraka. Nilikuwepo, nimesimama karibu kabisa na kaburi. Mchungaji aliuliza, "Ndugu wote wamefika?" Marita alitupa macho kwenye kundi la wanaume, akaona mgongo wa mtu mrefu mwenye koti jeusi, akadhani ni kaka yake, akajibu, "Wamefika." Jeneza likateremshwa.

Watson alitokea wakati tunapanga maua juu ya udongo. Alikuja na watu kama ishirini wa upande wa mke wake, wanaimba taratibu kwa Kibemba, na yeye mbele yao kabeba shada la maua. Kwa saa yake alikuwa amewahi kwa dakika kumi. Walipoona kaburi limeshafukiwa waliacha kuimba mmoja mmoja. Watson aliuliza, "Mmeshazika?" Aliweka shada lake, akageuka, akaondoka. Hakurudi nyumbani kunawa mikono wala kula na wenzake. Kwetu, mtu ukitoka kuzika unanawa pale msibani na unakula chochote kilichopo. Asiyefanya hivyo kwenye msiba wa mama yake mzazi amesema jambo zito bila kufungua mdomo.

Tangu hapo wakikutana sokoni ilikuwa "Dada," "Kaka," basi. Marita alivuka mara tatu kwenda kumwomba msamaha, mara moja akiwa na mchungaji. Watson aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akasema amesamehe. Lakini kula chakula cha Marita hakula tena. Kukiwa na jambo kwa Marita, Watson alifika mpaka getini, akatoa mkono wake wa pole au wa hongera, akageuza. Marita alikuwa akimtengea sahani kila mara, na kila mara sahani ile ilirudi jikoni na chakula chake.

Miezi minne baada ya msiba ule alifariki mzee Andongwisye, jirani wa nyumba ya tatu, mtu mwenye wajukuu wengi Nakonde. Saa nane ikafika, mchungaji akafungua kitabu. Marita akatoka kwenye kundi la wanawake, akaenda kusimama kati ya jeneza na mchungaji.

"Mchungaji, samahani. Kule bado ni saa saba."

"Mama Pendo, huku ni Tanzania."

"Najua, baba. Lakini wajukuu zake wako njiani."

Watu wakaguna. Mimi niliguna kwa sauti, sikatai. Marita aliona kweli tumechukia, akafanya kitu pekee alichojua kufanya mbele za watu, akaanzisha wimbo. Akina mama wakamwitikia kwa kumhurumia. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Katikati, mzee mmoja akasimama kusimulia jinsi marehemu alivyowahi kumbeba mgongoni kuvuka mto uliojaa, halafu mwingine akasema huo mto hata yeye alibebwa, na watu wakaanza kucheka msibani. Wajukuu wa Nakonde walipofika walikuta kaburi bado wazi na watu wana machozi na vicheko kwa pamoja.

Basi, ikawa desturi. Kila shughuli tunakaa saa moja nzima kuwasubiri wa ng'ambo, na hiyo saa tukaiita saa ya mama Pendo. Nyimbo za Kinyiha na Kinamwanga ambazo vijana walikuwa hawazijui tena wamejifunzia hapo. Akina mama wa Nakonde wakaja na nyimbo zao, wa huku wakazishika, sasa usiku wa mkesha wa kanisa huwezi kujua nani katoka wapi. Siku hizi kadi zinaandikwa saa za pande zote mbili na hakuna anayepotea, lakini ukijaribu kuiondoa saa ile mtaa utakugeuka. Najua, kwa sababu nilijaribu. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikapendekeza shughuli zianze kwa wakati. Marita alicheka, akasema, "Mwalimu, wewe hata siku ya kufa utawahi." Pendekezo langu likaishia hapo.

Kisha akafariki mke wangu, Eva.

Siku ile nilikuwa sina nguvu ya kubishana na mtu. Tulikaa chini ya turubai, saa ya mama Pendo ikaanza, na mwanamke nisiyemjua kutoka Nakonde akasimama. Alisema mama yake ni kipofu, na kwa miaka tisa Eva alikuwa akienda kwake kila Jumamosi kumwosha kichwa na kumsuka, kwa sababu yule bibi hakutaka mikono ya mtu mwingine. Miaka tisa. Na kila Jumamosi mimi nilimgombeza Eva kwa kuchelewa kutoka sokoni, nikamwita mpiga soga, naye alikuwa ananyamaza na kunipakulia chakula. Nililia pale mbele ya wanafunzi wangu wa zamani bila aibu. Kama tungeanza kwa wakati, nisingejua kamwe ni nani niliyeishi naye. Kuanzia siku hiyo sikuisema vibaya tena saa ya mama Pendo, ingawa mguu bado unanicheza nikisubiri.

Sasa nije kwenye sendofu ya Pendo, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, Jumamosi ya juzi.

Pendo ni binti pekee wa Marita. Kwa ukoo wao, anayemshika mkono binti na kumtoa ndani kwenda mbele ya wageni ni mjomba wake. Baba mdogo hawezi, mwalimu jirani hawezi, ni mjomba. Pendo alishasema, "Mama, mjomba Watson asiponitoa, mimi nabaki chumbani," na kwa ukaidi huyo ni mama yake mtupu. Marita alivuka kupeleka kadi kwa mkono wake. Watson aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema, "Nitaangalia." Marita alirudi na hilo neno moja, akawa anatuuliza sote lina maana gani.

Kadi ilisema saa nane ya huku, saa saba ya Nakonde. Mshereheshaji alikuwa kijana kutoka Mbeya, suti ya kung'aa, kipaza sauti mkononi, na saa nane kamili akataka kuanza. Nilimketisha mimi mwenyewe. Nikamweleza desturi yetu, akanitazama kana kwamba nina kichaa. Akina mama wakaanza kuimba.

Marita hakuimba. Alikwenda kusimama getini, amevaa kitenge cha kijani alichokishona mwezi mzima, akitazama barabara ya mpakani. Kila bodaboda iliyokata kona alinyoosha shingo. Wakaja mke wa Watson na wanawe, akawapokea kwa "Mwaiseni, mwaiseni!" kama wanavyokaribishana kule, akawauliza baba yuko wapi. Mke wa Watson alisema aliondoka nyumbani asubuhi na hakuaga anakokwenda. Nilimwona Marita anashika nguzo ya geti. Nilimpelekea kiti, hakukalia. Nilimpelekea maji, akayashika tu mkononi.

Saa tisa ikafika. Nilitazama saa yangu na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani iwe inadanganya.

"Mama Pendo," nikamwambia, "tuongeze kidogo."

"Hapana, Mwalimu." Sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha kabisa. "Sheria niliiweka mwenyewe. Tunasubiri saa moja. Saa ikiisha nimewaanzia watu shughuli zao hata kama ndugu zao hawajafika, siwezi kuivunja kwa sababu huyu ni kaka yangu. Ngoja nikawaambie wapishi wapakue, halafu nikaongee na Pendo."

Nikamfuata kwa nyuma, maana alikuwa anayumba.

Jikoni kulikuwa uani, nyuma ya turubai la bluu. Judith, mpishi wetu mkuu, alipotuona akaangusha mwiko na kujifanya anapuliza moto. Na pale kando ya sufuria la maharage, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanaume mrefu, koti kaliweka begani, mikono ya shati kaikunja mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na sahani ya ugali mapajani, anakula.

Marita alisimama. Maji yote ya bilauri aliyoishika yakammwagikia miguuni.

"Kaka. Umefika saa ngapi?"

"Saa saba na nusu," Watson akasema. "Ya huku." Akanyoosha mkono wa kushoto tukaiona saa yake ya mkononi, ya kizamani, kioo kimechubuka. Ilionyesha saa tisa na dakika mbili, sawasawa na yangu. "Hii niliiweka saa ya huku siku ya maziko ya mama, sijairudisha saa ya Nakonde tangu hapo. Mke wangu ananiambia nimerogwa. Naamka kabla ya watu, nafika kanisani milango imefungwa."

"Na mimi nimekaa getini muda wote huu!"

"Nimekuona. Nilikuwa nakuchungulia pale kwenye uwazi wa turubai."

"Ukaniacha?"

Watson akatafuna tonge lake taratibu, akameza. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Nilitaka usubiri, mdogo wangu. Saa moja tu, na mimi unisubiri. Sasa imekwisha."

Nilidhani Marita atamrukia kwa maneno, maana namjua. Badala yake alianza kucheka, kile kicheko chake kinachotangulia sababu, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akawa anafanya vyote viwili na pua inamtoka. Akampiga kaka yake kofi la begani, la nguvu kabisa. Kisha akaitazama sahani.

"Nani amekupakulia maharage matupu? Judith, nyama iko wapi?"

"Inatosha," Watson akasema. "Nimeshiba. Niletee maji ninawe, binti ananisubiri."

Judith alikimbilia birika, lakini Marita akamnyang'anya. Akapiga magoti pale uani, na kitenge chake cha kijani kwenye majivu, akaweka beseni chini na kummiminia kaka yake maji. Watson alinawa polepole, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kiwiko. Birika lilipokwisha, Judith akaleta lingine.

Upande wa pili wa turubai yule kijana wa Mbeya alishaanza kuita kwenye kipaza sauti kwamba muda umekwenda, muda umekwenda sana. Nikatoka kwenda kumwambia azime hicho kitu na asubiri.