Kuchinjwa Kidogo Tu

Elphas Kituyi alikuwa mpishi wa Kaburu mmoja upande wa Kiplombe, na mwoga kama yeye ungemtafuta Uasin Gishu nzima usimpate. Usinielewe vibaya. Moto hakuuogopa, wala kisu, wala sufuria ya supu inayochemka. Aliogopa mambo asiyoyaona: karatasi yenye muhuri, viatu vya Bwana vikija kabla ya Bwana mwenyewe, habari inayoanza na "umesikia?" Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akitazama nyuma.

Sasa mtu huyo, hebu fikiria, ndiye aliyetaka kwenda Uganda kutembea. Si kuzika, si kutafuta kazi, si kudai mahari. Kutembea tu.

Ilianzia mezani. Mgeni mmoja wa Bwana aliyewahi kukaa Jinja alisimulia, Elphas akipakua viazi, jinsi ziwa linavyomwaga maji yake kwenye mto kwa kishindo, na jinsi viboko wanavyopanda kutoka majini jioni kula nyasi za uwanja ambapo wazungu hupiga mpira mdogo kwa fimbo. Elphas alijua Kiingereza cha mezani, kile cha chumvi na mchuzi na watu wanaocheka, kwa hiyo aliyakusanya hayo na kuyapeleka nyumbani kwa mkewe, Nangila.

Nangila alicheka mpaka akaweka chini kikapu cha mboga. Kisha akasema, "Baba Nekoye, mimi nataka kuona hao viboko."

Katika ndoa yao yote Nangila hakuwa amesema nataka. Alikuja kwenye shamba la Kaburu kwa miguu kutoka Kimilili, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, na tangu hapo alilima, akazaa, akamwoza binti yao Nekoye, akaimba kanisani. Elphas alilisikia lile neno likamwingia. Akajibu, "Tutaenda," na hapohapo akatazama nyuma.

Wakapanga kama watu wenye akili. Watapanda gari moshi daraja la tatu. Chakula watabeba cha nyumbani, kuku wa kukaanga na viazi vitamu, kwa maana ukinunua stesheni utarudi huna shati. Jinja watalala kwa mwalimu mmoja wa kanisa lao, mtu wa kwao aliyehamia huko. Elphas aliacha tumbaku. Nangila aliacha sukari, akawa anakunywa chai chungu, na kila hela ya mayai ikaingia ndani ya mkebe wa majani ya chai. Majirani wakauliza, "Kwani Uganda mnaenda kumzika nani?" Nangila akawajibu kwamba wafu wana watu wengi wa kuwatembelea, viboko hawana hata mmoja.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya Bwana. Bila karatasi ya Bwana, mtu wa shamba hatoki, na polisi akimshika na kipande, kile kitambulisho cha shingoni, kisicho na maneno ya kumtetea, ni jela. Elphas alikaa na ombi lake siku nyingi. Akibeba chai analo mdomoni, akirudi na birika bado analo. Siku aliyolitoa hatimaye, alilitoa akiwa ameangalia zulia.

Huyo Kaburu, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Ndevu, hakuwa mtu mbaya kama wengine, lakini Kiswahili chake, maskini, kilikuwa cha kuamrisha tu. Neno alilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa chinja, maana kila Jumamosi alisimama mlangoni pa jiko akasema, "Kituyi, chinja kuku." Akamsikiliza Elphas, akakuna ndevu, akajibu:

"Uganda? Mzuri. Mimi toa ruhusa. Lakini kwanza wewe na bibi iko lazima enda kwa daktari, Eldoret. Yeye chinja wewe, chinja bibi, halafu toa cheti. Bila cheti, gari moshi hapana chukua."

Elphas akauliza, kwa sauti ndogo, "Kuchinja, Bwana?"

"Ndiyo. Chinja kidogo tu. Hapa." Bwana Ndevu akajigusa mkono juu kidogo ya kiwiko. "Iko uma kidogo, halafu kwisha."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakuwahi kusimama kwenye zulia la Kaburu. Elphas akasema "Asante, Bwana," akarudi jikoni, akakaa juu ya gunia la unga.

Jumapili akamtafuta Jackson, mchukuzi wa magunia ya ngano pale stesheni, mtu anayejua kila habari na nyingine kabla haijatokea. Elphas hakutaja maneno ya Bwana. Aliuliza tu, kama mtu anayepita, Uganda kukoje.

"Umesikia habari ya kachinja?" Jackson akasema.

Basi, hapo ndipo angeondoka. Hakuondoka. Jackson akamweleza kwamba huko kuna watu wanaokamata wasafiri na kuwatoa damu, wanaanzia mkononi, kidogokidogo, mpaka mtu abaki ganda. Damu inawekwa kwenye chupa. Wengine wanakubali wenyewe bila kujua, wanapewa karatasi nzuri ya muhuri. "Mimi sijaona kwa macho," akasema Jackson, "lakini lisemwalo lipo."

Mkononi. Kidogokidogo. Karatasi ya muhuri. Elphas alirudi Kiplombe akijishika mkono juu ya kiwiko. Njiani kila aliyemsalimia alimwona kama anapima unene wake. Alimfikiria Nangila akiingia kwa daktari kwa furaha, amevaa kitambaa chake cha kanisani, na kisha akajifikiria yeye mwenyewe, na kusema kweli hapo ndipo alipokaa zaidi. Kwa mwoga huenda kicheko, alijiambia, kwa shujaa huenda kilio. Alipofika nyumbani uongo ulikuwa umeshaiva.

"Bwana amekataa," akasema.

Nangila alikuwa anakunja blanketi la safari. Akalikunjua, akalitandika kitandani, akanyoosha pembe zake moja moja. "Labda mwaka ujao atalegea," akasema.

Na hakurudia sukari. Hilo ndilo lililomtesa Elphas. Asubuhi baada ya asubuhi mama huyo alikunywa chai chungu mbele yake, akadondosha hela ya mayai ndani ya mkebe, na kumwombea Bwana Ndevu moyo laini. Elphas sasa alikuwa na hofu mbili. Aliogopa kachinja, na aliogopa siku Nangila atakapokutana na Bwana uso kwa uso. Bwana akitokea upande wa nyumba za wafanyakazi, Elphas alimtuma mkewe mtoni, hata kama mitungi imejaa.

Siku hiyo ilikuja wakati wa kuvuna ngano. Ndui ilisikika mashamba ya jirani, na serikali ikaleta mganga wa zahanati, kijana mmoja wa Kinandi aitwaye Kipyego, amevaa koti jeupe, na sindano zake kwenye sanduku. Nyapara akaamuru shamba zima lipange foleni nyuma ya ghala. Nangila alisimama mbele ya mumewe. Bwana Ndevu alisimama kando, akisimamia.

"Daktari atafanya nini?" mzee mmoja akauliza.

"Kuchanja, Mzee," Kipyego akasema. "Mnachanjwa mkononi, mkwaruzo mdogo tu, ndui isiwapate."

"Ndiyo, ndiyo," Bwana Ndevu akadakia. "Chinja kidogo." Kisha akamwona mpishi wake, akacheka. "Kituyi, leo wewe hapana weza kimbia. Mimi nasema wewe enda chinja, enda Uganda, wewe nakataa. Kwa nini nakataa?"

Irabu moja, jamani. Irabu moja tu. Elphas aliliona kosa lake lote, tangu zulia mpaka blanketi, na angeomba ardhi impasukie. Nangila hakugeuka. Alikunja mkono wa gauni lake, akamnyooshea Kipyego, akachanjwa bila kupepesa jicho, akapokea cheti chake. Alipotoka kwenye foleni alimsubiri mumewe chini ya ukuta wa ghala. Elphas alikuja akiwa ameshika mkono, ingawa hata haukumuuma.

"Kumbe ni hii tu," Nangila akasema.

"Nilisikia kuchinja, Mama Nekoye. Na Jackson naye akaniambia..."

"Nimeelewa ulichosikia. Nina swali moja. Ulipokuja kunidanganya, ulikuwa unaogopa wakinichinja mimi, au wakikuchinja wewe?"

Jibu zuri lilikuwepo, limekaa pale karibu, yeye kulichukua tu. Lakini uongo ulikuwa umemchosha.

"Mimi," akasema. "Nilijiogopea mimi."

Nangila akatikisa kichwa polepole. "Angalau hilo ni kweli. Basi mwezi ujao watu wa kanisa wanaenda Jinja kwenye mkutano. Nitaenda nao. Mkebe umejaa, na cheti leo nimepata. Wewe utabaki hapa uogope vizuri."

Elphas alidhani ni hasira, na hasira ya mkewe kwa kawaida haikuvuka siku ya pili. Hii ilivuka. Alimsindikiza stesheni, akambebea blanketi na kuku wa kukaanga, akampandisha daraja la tatu kati ya akina mama waliokuwa tayari wanaimba. Angeomba msamaha, lakini gari moshi lilipiga honi likaondoka. Nangila alimpungia mkono mara moja, kisha akageukia wenzake.

Akarudi Kiplombe kwa miguu, akapika chai ya Bwana, akachinja kuku wa Jumamosi. Siku zote ambazo mkewe alikuwa Jinja hakuwaza kachinja hata kidogo. Aliogopa jambo moja tu, kwamba huko ni kuzuri, na kwamba Nangila amekuona bila yeye.